Hilo Dude la Chuma Shingoni Mwangu

Wadau, swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: wewe mwandishi wa habari, simu yako ina kamera tatu mgongoni, hilo dude la chuma la nini? Wanauliza wapiga picha wenzangu kwenye mikutano na waandishi, wanauliza madereva wa bajaji hapa Mtwara, na mhariri wangu naye huuliza kwa simu kutoka Dar, tena kwa sauti ya mtu anayehesabu dakika. Nimechoka kujibu vipande vipande. Leo najibu yote, kaeni vizuri.

Dude lenyewe ni Canonet QL17 GIII, kamera ya mkanda ambayo Canon walianza kuiuza mwaka 1972. Nimemzidi umri mara mbili, nilitaka kusema, kumbe yeye ndiye kanizidi mara mbili. Niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu aliyepiga harusi na pasipoti saizi za mji huu kwa miaka mingi. Aliniuzia kwa bei ya kutupa, akasema anachotaka ni kuisikia ikilia tena. Lakini hailii sana, na hilo ni mojawapo ya mambo mazuri yake. Shata yake imo ndani ya lensi, haina kioo cha kuruka juu kama kamera kubwa, kwa hiyo inafanya "tik" tu. Nimewahi kupiga mtu amesinzia kikaoni (kiongozi, jina nalihifadhi) na aliyekaa pembeni yake hakugeuka.

Kamera za aina hii zinaitwa renjifainda. Huangalii kupitia lensi, unaangalia kwenye kidirisha cha pembeni. Katikati ya kidirisha kuna kiraka cha manjano, na ndani ya kiraka hicho mtu unayempiga anaonekana wawili, mmoja halisi na mwingine hafifu kama kivuli. Unasukuma kijiti kwenye lensi kwa kidole mpaka wale wawili waungane wawe mtu mmoja. Wakishaungana, fokasi imekaa. Haikisii uso wala haichagui macho ya nani ni muhimu. Kazi hiyo ni yako.

Sasa msije mkadhani nawauzia ndoto. Kamera hizi zina visirani. Sponji nyeusi inayozuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huwa imeyeyuka na kuwa kama lami. Yangu niliikwangua, nikaweka uzi mweusi wa sufi niliopewa na fundi cherehani. Halafu betri. Kipima mwanga chake kilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, na hizo zimeshapigwa marufuku sehemu nyingi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umebeba jina la mji wa Japani ambako zebaki iliangamiza watu, kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba betri yangu imekosekana. Natumia betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo volti zake zinakaribiana na zile za zamani. Ikiisha, napiga bila kipima, maana shata yenyewe ni ya springi na haihitaji umeme. Na unyevu wa pwani yetu, jamani! Ukiacha lensi kabatini masika mmoja, ukungu unaota ndani ya kioo kama kwenye mkate. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mkanda ndio unaouma mfukoni. Hadi Ilford HP5 moja inanifikia hapa imeshakula kama elfu arobaini, na ndani yake kuna picha 36 tu. Gawanya mwenyewe. Ukishajua kila "tik" ni zaidi ya shilingi elfu moja, unajifunza kunyamaza na kusubiri.

Kusafisha nasafisha mwenyewe, usiku, bafuni. Dawa ninayotumia, D-76, inataka nyuzi joto 20, na mkanda huu unakaa ndani yake dakika saba na nusu. Nani alishaona maji ya nyuzi 20 yanatoka bombani Mtwara? Maji yetu yanakaribia 30 mchana, na dawa ikiwa ya moto hivyo inafanya kazi kwa pupa, picha inatoka na mabaka. Dawa yangu ni barafu ya wauza samaki. Nanunua kipande, nakiponda, nakizungushia chupa kwenye ndoo, natumbukiza kipimajoto. Bafu linanuka changu na kemikali, majirani wamezoea.

Ukungu na barafu vina dawa zake. Sababu yenyewe ya kubaki na dude hili ni nyingine.

Kwa watu wa Mtwara picha si kitu chepesi. Mei 2013, mji ulipowaka moto kwa ajili ya bomba la gesi, mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kilichonikaa kichwani kuliko moshi ni sauti za wakubwa wakiambiana usipige picha, usipigwe picha. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015 na maisha yakaendelea, lakini ukienda vijiji vya njia ya gesi leo, Madimba au Msimbati, ukitoa simu na kuinyanyua usawa wa uso, swali la kwanza ni: "Hiyo inakwenda wapi?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyofundishwa chuoni. Na jibu la kweli, kwa simu, ni kwamba sijui. Inakwenda kwenye grupu la chumba cha habari, kutoka hapo inakwenda kwa mtu wa mtandao, kutoka hapo kwa yeyote mwenye kidole.

Ukanda huu umepigwa picha tangu zamani na watu wanaoondoka. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita kusini hii, kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, na kamera, mashine ya kurekodi sauti na hata kamera ya sinema. Alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig, na alichokusanya alikipeleka kwao. Ng'ambo ya Ruvuma, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard alialikwa na serikali ya Samora Machel kusaidia mipango ya televisheni ya Msumbiji, na inasimuliwa kwamba alizikataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Hakuwa anatania. Maabara zilikuwa zikilinganisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa kizungu, sisi wengine tukatoka meno na macho tu. Hata leo, kwenye mchanga mweupe wa Ruvula, kipima mwanga cha Canonet kinadanganywa na ule weupe, na uso wa Mmakonde unatoka kama mkaa. Mimi napima kwenye mgongo wa mkono wangu mwenyewe, juani au kivulini kulingana na alipo ninayempiga. Mkono na uso ni rangi ileile, hakuna siri zaidi ya hapo.

Basi. Mwaka jana nilikwenda Msimbati kwa habari ya wavuvi na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000. Habari niliipata. Kwenye nyumba niliyopumzikia kulikuwa na bibi mmoja mwenye chale za kimakonde usoni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu. Alivuka mto akiwa binti, miaka ya 1960, wakati wa vita vya kuwang'oa Wareno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umekuja na kamera?"

Nikasema ndiyo. Akanihesabia: watalii, watafiti, watu wa miradi, waandishi. Wote walimpiga. Hakuna aliyemrudishia hata kipande. "Uso wangu umetembea kuliko mimi," akasema, wala hakucheka.

Simu aliikataa katakata. Canonet aliiomba aishike, akaigeuza nyuma akatafuta kioo, hakukiona. "Sasa utamwonyesha nani?" Nikamwambia hata mimi sitaiona mpaka niisafishe. Nikamweleza habari ya mkanda, kwamba kuna kipande kinachobaki, na picha zote zinazaliwa na hicho.

"Yaani picha ina mama."

Ndiyo, bibi. Ina mama.

"Basi piga. Lakini mama wa picha anakaa kwangu."

Hakutaka ya peke yake. Alimwita mjukuu wake wa kiume, akamsimamisha ubavuni, akamwambia anyooke. Mama wa yule mtoto ni binti yake aliyeolewa upande wa Palma. Alimleta mtoto kwa bibi kusalimia, akarudi kwa mumewe, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Kwa miezi mingi haikujulikana kama yu hai. Baadaye wasafiri wakaleta salamu kwamba yupo, kijiji kingine, simu hana. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu mama yake alipomwona mara ya mwisho. Sasa anampita bibi kiuno.

Nilipiga mbili. Kwa ile elfu moja yangu na zaidi kwa kila moja, sijawahi kutumia fedha vizuri hivyo.

Mkanda ulitoka vizuri. Niliupiga picha juu ya taa nikapata faili, nikachapisha nakala tatu kwenye studio ya mjini, nikalifuta faili. Kisha nikafanya ambalo wapenzi wa kamera hizi watanilaani: nikachukua mkasi, nikakata kipande chenye picha zile mbili, nikakitia kwenye bahasha ya plastiki. Nilirudi Msimbati baada ya wiki tatu na bodaboda, nikampa vyote. Ndiyo maana hamuoni picha yake hapa, na msiniombe. Najua mtasema picha ya karatasi ningeweza kuitoa hata kwenye simu. Kweli kabisa. Lakini simu ningempa nini kingine? Faili halina mama. Ukimpa mtu faili, nawe unabaki nalo.

Bibi alikiinua kile kipande juani akaangalia. Nyeusi zilikuwa nyeupe, na chale zake zilionekana kama zimechorwa kwa chaki. "Hapa mimi mzungu," akasema, na hapo sasa alicheka. Akakiweka kwenye kopo la bati alimoweka kadi yake ya kupigia kura.

Nakala moja amebaki nayo, moja kampa jirani, ya tatu imefungwa kati ya vipande viwili vya boksi la biskuti na kupewa mfanyabiashara anayevuka mto. Jina la kijiji na la mama limeandikwa nyuma, kwa kalamu yangu. Mfanyabiashara hajarudi bado. Bibi ameniagiza nikisikia lolote mjini nimpigie jirani, na nikienda tena niende na mkanda, maana mtoto anakua.