Alama 130

Mtihani wa fidla wa bodi ya ABRSM ya London, iliyoasisiwa mwaka 1889, una jumla ya alama 150. Vipande vitatu hupewa alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma noti papo hapo 21, na usikivu 18. Mtahiniwa akipata 100 amefaulu. Akifika 130 amefaulu kwa daraja la juu kabisa. Ni mgawanyo wa haki, na wanaoubeza aghalabu ni wale ambao hawajawahi kuufanya. Hata hivyo, msomaji na autazame vyema. Skeli zote zaweza kuvunwa na vidole visivyo na habari yoyote ya wimbo, na hata katika zile 90 za vipande lipo fungu nono linalomwendea yule asiyekosea tu.

Kijana mmoja wa Makina, Kibera, alilivuna fungu hilo. Alifanya mazoezi usiku katika chumba kimoja cha kuta za udongo, akikibana kidaraja cha fidla kwa vibanio vya nguo ili sauti ipungue na majirani wapate usingizi. Katika gredi ya tano alivuka 130. Vidole vyake vilikwenda kama cherehani: mshono ulionyooka, hatua sawasawa, bila uzi kukatika.

Siku cheti kilipowasili, alimpigia nyanya yake vipande vyote vitatu. Bibi huyo ni Mnubi, wa uzao wa wale askari wa King's African Rifles waliopewa ardhi ya Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, palipokuwa bado msitu. Alilelewa katika ngoma ya doluka, ambayo wanawake huiimba na kuipiga harusini. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mkono wako ni mwepesi, mashallah. Sasa wimbo wenyewe utauanza lini?"

Kauli hiyo ilimuuma kijana kwa majuma kadhaa. Je, bibi alikuwa amesikia nini, au hakusikia nini? Hakuwa na kosa la noti hata moja la kumwonyesha.

Pengine jibu limo katika neno ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hulitamka bila kulitafakari. Taarab ni jina la muziki, lakini asili yake katika Kiarabu ni hali: kule kuguswa na kutikiswa na sauti hadi msikilizaji asijimudu. Muziki wa Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa na Wazanzibari mwaka 1905, una jina la kile unachomtendea msikilizaji, si jina la ala wala la mtindo. Fidla imo katika muziki huo tangu zamani, kwa hiyo si haki kuiona kuwa ngeni katika sikio la Mswahili. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na sauti ya mikwaruzo ambayo mwalimu wa sauti wa Ulaya angetaka kuilainisha. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX kwa sauti hiyohiyo.

Karatasi haimwambii mpigaji kila kitu. Bach alipokamilisha mwaka 1720 nakala ya kazi zake sita za fidla pekee, aliacha maagizo machache mno ya wapi sauti ipande na wapi ishuke. Noti zipo, pumzi haipo. Wasomi wa tenzi wanalifahamu jambo hili. Hati ya Kiarabu huwapa mizani nane katika kila kipande, nayo huwapa vina, lakini haiwaonyeshi mahali ambapo mghani anapaswa kusita kidogo ili kifo kilichotajwa kiwe kifo kweli. Wapo waghani wanaohesabu mizani kama karani ahesabuye sarafu. Hawakosei, na hakuna anayewakumbuka.

Lakini hapa ndipo pana mtego, na ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Wageni wanaozuru mitaa ya mabanda hupenda kuwasifu watoto wake kwa "hisia". Mtoto wa Lavington akikosea noti huambiwa arudi akafanye mazoezi. Wa Kibera akikosea noti ileile, hupigiwa makofi na kuambiwa ana moyo. Sifa hiyo ni dharau iliyovishwa kanzu. Humnyima mtoto kile anachokihitaji zaidi, yaani mtu wa kumsahihisha. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanza Korogocho mwaka 2008, umefanya jambo la maana kwa kuwafunza watoto kusoma noti na kupiga katika okestra, badala ya kuwaachia huruma ya wasikilizaji.

Kijana wa Makina alikutana na swali hili ana kwa ana Kawangware, alikokwenda kila Jumamosi kwa miguu, akipita Barabara ya Ngong na ile ya Naivasha, kufundisha watoto katika ukumbi wa kanisa. Fidla zilikuwa tatu, watoto kumi na wawili. Miongoni mwao alikuwapo msichana wa miaka kumi na mmoja, wa ukoo wa Waidakho, ambao pamoja na Waisukha ndio wenye isukuti, ile ngoma iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na mpigaji asiyewasikia wenzake huzivuruga zote.

Msichana huyo aliupiga wimbo rahisi wa kanisani taratibu kuliko alivyofunzwa, akiivuta noti ya mwisho ya kila kishazi kama mtu anayesita kuufunga mlango. Watoto waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza. Kidole chake cha tatu kilikuwa chini ya mahali pake kila mara, na sauti ilikuwa imepotoka.

"Nimekosea, mwalimu?" aliuliza.

Kijana angeweza kumsifu na kuishia hapo. Badala yake alimwomba auimbe wimbo huo, na sauti yake ilikuwa safi kabisa. Kisha akamwambia aweke kidole cha tatu juu ya uzi wa Re na autazame uzi mnene wa Sol ulio jirani, bila kuugusa. Kidole kikikaa mahali pake halisi, uzi huo hutetemeka wenyewe, kwa kuwa sauti hizo mbili ni moja katika vimo viwili.

Msichana alijaribu. Uzi ulitulia tuli. Akakisogeza kidole juu kiasi cha upana wa punje ya mchele, akavuta upinde tena.

"Unatetemeka!"

"Umeusikia au umeuona?"

Alifikiri kidogo. Kisha akafumba macho, akarudia.