Watoto wa Rangi ya Manjano

Kuna utepe mwembamba wa plastiki ambao mama yangu hutembea nao kwenye mkoba. Unazungushwa kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha unasoma rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, yuko sawa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo anapelekwa kituo cha afya leo leo, hakuna kungoja kesho. Katikati ya hapo ni manjano.

Mama ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Dandora. Tangu Septemba 2023 cheo chao rasmi ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wakapewa mkoba na simu ya kujazia taarifa za kila nyumba. Mtaani watu wanamwita tu daktari. Kila mmoja wao ana nyumba mia hivi za kuzungukia. Nimemsikia akiwaambia wenzake kwamba mtoto wa nyekundu hampi kazi ngumu. "Nyekundu inajisemea. Manjano lazima uisemee wewe."

Nimekaa na hayo maneno kwa muda, na sasa naona hayahusu lishe peke yake. Mtaa wetu uko na milango mingi ya mtoto wa nyekundu. Akipigwa hadi aumie, kuna polisi. Akitupwa, kuna afisa wa watoto. Kuna 116, namba ya bure, mchana na usiku. Ni vizuri iwepo, na kila mzazi aijue. Lakini kabla mtoto hajafika nyekundu kuna miezi, wakati mwingine miaka, ambapo kila mtu anaona kitu kidogo na hakuna anayeona sababu ya kusimama.

Nichukue mmoja. Nitamwita kasichana tu, maana jina lake si langu la kugawa, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Alikuwa na miaka mitatu na ushei. Mama yake alienda Saudia kufanya kazi ya nyumba. Pesa zilikuja miezi ya kwanza, halafu simu ikawa haishikwi. Mtoto akabaki na shosho, ambaye huchambua plastiki na vyuma kwenye jaa na kuuza kwa kilo. Wanaishi chumba kimoja, upande ule ambao moshi wa jaa unaingia hata ukifunga dirisha. Kasichana kenyewe kalikuwa kachangamfu, kanacheka, kanafuata watoto wenzake kila mahali. Ila maneno hakakuwa nayo, isipokuwa mawili matatu.

Sasa hesabu na mimi watu waliomjua. Muuguzi wa kliniki alijua uzito wake na alijua hakurudishwa kwa chanjo ya miezi 18, kwa sababu yote yako kwenye kitabu cha kliniki. Mama wa deikea, anayelea watoto chumbani kwake kwa malipo ya siku, alijua kwamba sikio moja linatoa usaha na kulowesha kitambaa anacholalia. Mwenye duka alijua deni la unga. Keateka wa ploti alijua kodi imekwama miezi miwili. Naibu wa chifu alimjua shosho kwa sura, maana aliwahi kwenda kuomba barua. Kanisani walijua mama mtu yuko Saudia, na walikuwa wanamwombea. Hao ni sita, na siwezi kusema kuna aliyelala kazini. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Vipande havikuwa vimewahi kukutana.

Ukitaka kujua kwa nini havikukutana, angalia jinsi Katiba ya 2010 ilivyogawa kazi. Kliniki ni ya kaunti. Chekechea ni ya kaunti, na vituo vya kulelea watoto vilevile. Nairobi hata ina sheria yake ya vituo hivyo, ya 2017. Mtoto akiingia shule ya msingi anahamia serikali kuu. Cheti cha kuzaliwa ni serikali kuu. Chifu, polisi na afisa wa watoto, serikali kuu. Hata ramani hazilingani. Kwa kura, Dandora iko Embakasi North. Kwa chifu na kwa sensa ya 2019, tuko Njiru. Mtoto ni yuleyule, hajahama hata nyumba, lakini anasomeka sehemu mbili kulingana na nani ameshika kalamu.

Aliyekuwa anaunganisha serikali hizo mbili ni shosho, kwa miguu. Mtoto mgongoni, karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Chekechea ilitaka cheti cha kuzaliwa. Cheti kilitaka karatasi ya hospitali, na ile karatasi mama mtu aliiacha kwa nyumba waliyohama. Kuzaliwa kwa mtoto kukipitisha miezi 6 bila kuandikishwa, unaingia kwenye uandikishaji wa kuchelewa, na huo unataka barua na viambatisho vyake. Kila dirisha alianza hadithi upya: mama yake yuko wapi, baba ni nani, wewe ni nani kwake. Na kila siku ya foleni ni siku ambayo hajachambua kitu wala kuuza kitu.

Kuna pesa ambazo serikali hutoa kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na ambao umekuwa ukilipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Shosho aliuliza. Akaambiwa huyu si yatima, mama yake yupo. Ofisi nyingine, ambayo sitaitaja, walimsikiliza kwa heshima, wakamwangalia mtoto, wakaona hana jeraha na amevaa safi. Wakamwambia, "Shosh, huyu ako na mlezi mzuri. Ikizidi, rudi."

Ikizidi, rudi. Niliposikia hiyo nilikasirika, lakini nikifikiria vizuri, yule ofisa alisema ukweli wa kazi yake. Ana mafaili ya watoto walionajisiwa, waliopotea, wanaolala nje. Akimweka kasichana juu ya meza, nani atashuka? Ndiyo maana kuambia kila ofisi ijitahidi zaidi hakusaidii sana. Kila ofisi ikijitahidi peke yake, inajitahidi kwa nyekundu.

Sheria yenyewe inalijua hili. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inataka kamati za ushauri kuhusu watoto, na inataka mashinani pawe na meza ambapo idara tofauti zinaketi pamoja. Wazo si geni. Chini ya sheria ya zamani kulikuwa na mabaraza ya aina hiyo. Na kama unataka kurudi nyuma zaidi, Dandora hii ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000, na mpango ule uliweka shule na vituo vya afya kwenye karatasi moja na nyumba. Shida ni umbali kati ya kamati na chumba cha shosho. Kamati ikikaa kila baada ya miezi kadhaa, mtoto wa miaka mitatu anakuwa ameshapita sehemu kubwa ya muda ambao ubongo wake unajifunza lugha.

Alichofanya mama si kikubwa. Alipima mkono, ukasoma manjano. Akaandika kwenye simu kama kawaida, akampa shosho barua ya kliniki, halafu akafanya kitu ambacho hakimo kwenye simu: siku ya kliniki akaenda naye. Kwa Kiswahili tuna neno la hiyo kazi. Mgeni wako humwonyeshi tu njia kwa kidole, unamsindikiza. Ofisi zetu zinajua kuelekeza. "Nenda mlango wa pili, nenda ghorofa ya tatu, nenda Njiru." Kusindikiza hakuna aliyepewa.

Kisha akaomba watu wakutane Alhamisi jioni kwa mama wa deikea, watoto wakishachukuliwa. Alikuja muuguzi, mwalimu wa chekechea ya umma, mzee wa mtaa, na mama mmoja anayejitolea kusaidia ofisi ya watoto. Mimi niliitwa kuandika. Shosho alikuwepo pia; mama alikataa kabisa tuanze bila yeye.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Shosho hakutaka kuongea. Mwishowe akauliza kitu ambacho wote tulikuwa tunakijua na hakuna aliyekitaja: "Mnataka kumpeleka hom?" Hapa kwetu hilo ndilo watu wanasikia ukisema ofisi ya watoto. Gari linakuja, mtoto anaenda makao ya mayatima. Yule mama wa kujitolea akamweleza kwamba mpango wa serikali wa 2022 hadi 2032 unaelekea upande mwingine, watoto walelewe kwa familia, na makao yawe njia ya mwisho. Shosho alisikiliza, akasema, "Sawa. Lakini mkinisaidia, msinitangaze."

Hilo nililiandika ukurasa wa kwanza. Watu wakisema idara zishirikiane, mara nyingi wanamaanisha habari zitembee. Lakini Dandora habari zinatembea tayari, zinatembea kupita kiasi. Tukakubaliana palepale: mwenye duka hataitwa, keateka hataitwa, daftari litalala kwa mama, na hakuna kitu kitaandikwa ambacho shosho hajakisikia kikisomwa.

Halafu mama wa deikea akataja sikio. Muuguzi akaweka kikombe chini. "Tangu lini?" Tangu kabla ya Krismasi. Kliniki hakuna aliyewahi kuambiwa, kwa sababu kliniki wanauliza kuhusu uzito na chanjo, na shosho aliona usaha ni mambo ya watoto tu, yataisha. Deikea hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu mama wa deikea hana mahali pa kuandika. Na mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amesikia kwamba kuna mtoto mkubwa haongei, alikuwa ameshaanza kufikiria shule ya watoto wenye ulemavu. Kumbe inawezekana hasikii vizuri. Hiyo sentensi ilitoka kwa watu watatu, kila mmoja akiwa na theluthi yake.

Kasichana katatibiwa sikio, na katarudi kupimwa usikivu. Mkono umesoma kijani mara mbili mfululizo. Cheti kilichukua miezi, lakini mzee wa mtaa alienda na shosho kwa chifu, na barua ilitoka siku hiyohiyo. Sasa yuko chekechea ya umma na anakula chakula cha mchana cha kaunti, kile ambacho mzazi analipa shilingi 5 na mtoto anagusisha bangili. Maneno yameongezeka. Hayajafika ya umri wake, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba yatafika yote.

Na kuna swali ambalo halina mwenyewe hata sasa. Mwaka 2007, utafiti uliodhaminiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ulipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora. Nusu ya wale waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa cha kuchukuliwa hatua. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na inachelewesha kujifunza na kuongea. Kwa hiyo tukiuliza kwa nini kasichana hakaongei, sikio ni jibu moja. Damu yake hakuna aliyeipima. Jaa ni la kaunti, mazingira yana mamlaka yake ya taifa, kliniki haina kipimo hicho. Meza yetu ya deikea haikuweza kulibeba hilo, na sidhani ni haki kuitaka ilibebe.

Pia nisiwafiche kwamba meza hiyo inaendeshwa kwa nini. Chai ilikuwa ya mama wa deikea. Nauli ya kwenda kufuatilia cheti ilichangwa. Posho ya mama, serikali kuu iliahidi nusu na kaunti nusu, na kuna miezi tunaingojea nusu zote mbili. Muuguzi alikuja baada ya zamu. Mtu akiniambia ushirikiano hauna gharama, ni kupiga simu tu, namwomba anunue hiyo salio.

Kile ningependa ni kidogo na kinahesabika. Saa mbili kwa mwezi, za kazi, za kulipwa, ambapo muuguzi, mwalimu, mtu wa ofisi ya watoto na daktari wa mtaa wanakaa pamoja eneo moja baada ya jingine. Mama wa deikea apewe mahali pa kuandika na mtu wa kumsomea. Nauli ya kusindikiza iwe kwenye bajeti ya mtu fulani, kaunti au serikali kuu, sijali ipi. Na pale dirishani, badala ya "ikizidi, rudi", mtoto aandikwe na apewe siku ya kuangaliwa tena.

Kwa sasa tunaendelea na Alhamisi. Wiki jana mama wa deikea alileta habari za kavulana kanakolala mchana kutwa na hakaamki hata kwa uji. Mwalimu anamjua dada yake mkubwa, ameacha kuja shule. Muuguzi bado hajasema kitu, anatafuta kadi. Mama amepanga kwenda kwao Jumamosi asubuhi, kabla mzazi hajatoka kazini, na ameniambia nisiandike jina mpaka aulize.