Nimwandikie Nani?

Mwanzoni mwa Julai 2020, baridi ya Tukuyu ilipotufukuza barazani, nilikaa jikoni Bulyaga na mtoto wa marehemu kaka yangu tukisikiliza redio. Kijana alikuwa amemaliza JKT na kusubiri kuitwa jeshini. Habari ilihusu jeshi la Ujerumani. Akacheka, mji wetu huu Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, na watoto wa hapa hukua wakisikia habari za ukali wao.

"Baba mdogo, kumbe hata wao jeshi linawashinda?"

Habari yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Waziri wa Ulinzi, Annegret Kramp-Karrenbauer, alikuwa ametangaza kuivunja kombania ya pili ya KSK, kikosi cha makomando, kwa sababu ya itikadi kali za mrengo wa kulia. Mwezi Mei silaha na vilipuzi vilikutwa vimefichwa nyumbani kwa askari mmoja wa kikosi hicho, huko Saxony. Risasi zipatazo 48,000 na kilo 62 za vilipuzi hazikuonekana katika hesabu. Takwimu hizo zilirudiwa sana. Lililonigusa mimi lilipitiwa haraka: kapteni wa kikosi hicho hicho alikuwa amemwandikia waziri barua ya kurasa 12, akieleza jinsi mambo hayo yalivyovumiliwa ndani.

"Na huyo kapteni wamemfanya nini?"

Nilikimbilia historia, kama tufanyavyo walimu tukibanwa. Nilimweleza kuhusu tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Waliwafungia maofisa wao Waingereza, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Tarehe 25 Mwalimu Nyerere aliokolewa na makomando wa Uingereza, fedheha kubwa kwa taifa lililokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Kisha jeshi zima likavunjwa. JWTZ ilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, na vijana wa TANU wakawa chimbuko lake.

Wale wa Colito hawakuwa watu wa itikadi kali. Walikuwa na madai, na sehemu ya madai hayo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya haki. Waliyafikisha kwa mtutu wa bunduki, na hilo silitetei. Lakini habari zetu zinapomweka mwenye malalamiko na mwenye chuki katika kapu moja, wa kwanza hunyamaza kwa hofu ya kuitwa msaliti, na wa pili hujificha katika ukimya huo huo.

Sisi uaminifu wa jeshi tuliujenga kwa kadi ya chama. Ni vyama vingi vya mwaka 1992 vilivyotulazimisha kuuondoa huko, na leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Ni katazo zuri. Linamwambia asijiunge na nini.

Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akarudi pale pale. "Sawa, baba mdogo. Mimi nikimsikia mwenzangu anasema maneno kama ya wale Wajerumani, nimwandikie nani?"

"Anza na kamanda wako."

"Na kama kamanda anasikia na kucheka naye?"

Niliongeza kuni motoni. Aliondoka kesho yake kwa basi la alfajiri. Ninyi mlio katika utumishi wa umma, naomba mnisaidie jibu la kumpelekea.