Ndola: pahali ndeke ilianguka

Kama uko na jamaa kule Zambia, ao kama unavuka mara kwa mara Kasumbalesa kwa biashara ndogo, siku moja usirudi mbio. Tenga nusu ya siku. Pita Chililabombwe, Chingola na Kitwe, na mbele ya kuingia mji wa Ndola acha barabara kubwa, ingia porini. Utafika pahali ambapo vita vyetu vya Katanga viliacha alama katika nchi ya jirani.

Wazee wanakumbuka. Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya pekee yake. Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano yaliwaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kati ya askari wa ONU na wale wa Katanga. Siku nne nyuma, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, mzaliwa wa Uswidi, alipanda ndeke kule Léopoldville. Alitaka kuonana na Tshombe uso kwa uso, ili bunduki zinyamaze. Tshombe alikuwa akimngojea Ndola. Ndeke ilizunguka mbali, upande wa mashariki, isipite juu ya Katanga kwa hofu ya kushambuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 ikaanguka msituni. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja tu, mlinzi Harold Julien, alikutwa hai, naye akafa hospitalini siku chache nyuma.

Leo utakuta hapo ukumbusho wa mawe, miti, na nyumba ndogo ya makumbusho. Tembea polepole, kisha fanya hesabu hii: kiwanja cha ndeke kiko karibu kilometa 15 tu. Lakini wakubwa walifika kwenye mabaki baada ya saa 15 hivi, mchana wa tarehe 18!

Je, hakuna mtu aliyeona? Waliona. Porini mle mlikuwa watu wa kuchoma makala. Walieleza juu ya moto waliouona angani, na wengine walisema kulikuwa na ndeke ya pili. Tume ya serikali ya Rhodesia iliweka maneno yao kando, ikasema kosa ni la rubani. Hata maneno ya Julien kitandani yalihesabiwa kuwa ya mgonjwa asiyejua anachosema. Unajua namna watu wanavyosema: "Ule mutu wa makala anajua nini?"

Ilipita zaidi ya miaka 50. Mwaka 2015 ONU ilituma watu chini ya Mohamed Chande Othman, wakati ule Jaji Mkuu wa Tanzania. Wakawasikiliza tena mashahidi waliokuwa wangali hai. Mwaka 2017 jaji huyo akaandika kwamba inawezekana ndeke ile ilishambuliwa ao ilitishwa na nyingine. Maneno ya wachoma makala yalipata uzito mwishoni, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Ndivyo pahali hapo panavyogeuza mawazo ya mtu. Unaenda kumkumbuka mkubwa mmoja, unarudi ukifikiri juu ya wadogo ambao hakuna aliyewauliza vizuri.

Na sisi wa miji ya mashimo tuko na deni hilo. Mwaka 1992 na 1993, kule Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Jamaa nzima zililala kwenye gare wakingojea treni, na wengine walifia pale. Walikuwa wamefanya kazi pamoja na wenzao, watoto wao walisoma darasa moja. Ni nani katika jamaa yako amekwisha kuwauliza walioona siku zile, waliofukuzwa na waliobaki?

Baba, mama, kama Ndola ni mbali na pesa haitoshi, pitia na watoto kwenye gare ya mji wako. Mchukue nkambo pamoja nanyi. Mwache aeleze mpaka mwisho, hata akirudia maneno, hata akilia. Na kesho, wakati sentineli ao mama muuza makala anakuambia: "Mimi niliona," kaa chini kwanza, umsikilize.