Wageni Wasiongoja Kaskazi

Mabaharia wa majahazi waliotoka Uarabuni kuja pwani yetu iliwabidi waungoje upepo wa kaskazi. Ndege hawaungoji. Mwishoni mwa Agosti, kusi ingali yavuma, wamekwisha kufika katika hori ya Mida, kusini mwa Malindi. Sisi tunaokaa ukingoni mwake huwatazama tukiwa barazani baada ya swala ya alasiri, maji yanapojaa na kuwasogeza karibu na mikoko.

Anayetambulika upesi ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Chakula chake ni kaa. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo refu mchangani, kama afanyavyo kaa mwenyewe, na humo jike hutaga kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Kinda huyo wa pekee huja huku pamoja na wazazi, na hata akisha kuvuka bahari huendelea kulishwa. Utamwona, wa kijivu, kimo chake karibu sawa na cha mzazi, akimfuata nyuma kwa kulialia mpaka apewe kaa wake.

Vitwitwi wenye mdomo uliopinda wana desturi nyingine kabisa. Hao hutoka kaskazini ya mbali ya Siberia, na uzito wa mmoja ni kama gramu 60. Wazazi hutangulia, ndio hawa wa Agosti, ambao vifua vyao vingali na mabaka mekundu ya msimu wa kuzaa. Makinda hubaki nyuma wakila na kunenepa, kisha hufunga safari bila mzazi, katika njia wasiyopata kuipita. Suratul-Mulk, isomwayo katika nyumba zetu nyingi kabla ya kulala, inawataja ndege. Mtoto aliyeihifadhi na aketi nasi barazani jioni moja ya Septemba, makinda hao wanapoanza kutua.

Mama mmoja wa mtaani kwetu ana binti afanyaye kazi Maskati, mwaka wa tatu sasa. Tulipomweleza watokako ndege wale weupe hakusema neno. Siku ya pili tulimkuta ufukweni akiwanyang'anya watoto manati. Na ana haki, kwani maji yakijaa ndege hawana pa kulia, hivyo husimama kupumzika. Kila wanaporushwa hupoteza nguvu ambazo safari imekwisha kuzipunguza.

Wadudu nao wana zamu yao. Watafiti wanaeleza kwamba kereng'ende wa rangi ya manjano, asiyefikia hata gramu moja, hutoka Bara Hindi, hupitia visiwa vya Maldivi kuanzia Oktoba, kisha huvuka bahari akiwa juu sana, akibebwa na upepo. Huyo, kama jahazi, hungoja kaskazi. Kwetu bado hajaonekana.