Duka la Pembeni, Kibokoni

Lilipovunjwa duka la pembeni pale Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kijana mmoja wa ukoo wetu, msomi na mwenye adabu, aliniuliza kwa nini wazee wamesimama kando ya kifusi kana kwamba wamefiwa, ilhali kila kilichouzwa humo chapatikana supamaketi, tena kwa bei nafuu. Sikumlaumu, kwani hakuwahi kutumwa dukani hali hana senti mkononi, akasema, "Mama amesema uandike," akarudi nyumbani na unga.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihadhrami ambaye sisi watoto tulimwita Ami. Marhumu baba akisema lilifunguliwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, stakabadhi kongwe kabisa niliyoiona ilikuwa ya 1949, haidhuru. Niikumbukayo zaidi ni harufu: tende zilizoshindiliwa katika makanda, zilizoletwa na majahazi msimu wa kaskazi, papa mkavu aliyening'inizwa mlangoni, iliki, ubani, na mafuta ya taa tuliyopimiwa kwa kata katika chupa tulizokwenda nazo. Mchele aliupima kwa kibaba, na kibaba chake kilifurika, kwa kuwa alichelea dhambi ya kupunja kuliko hasara. Kisha humtia mtoto njugu kiganjani. Daftari lake, lenye jalada jeusi na hati za Kiarabu, lilihifadhi siri za mtaa mzima: nani ameachwa, nani anauguza, nani mumewe yuko baharini na hajaleta masurufu. Jirani yetu mmoja alipofiwa na mumewe akakaa eda, miezi 4 na siku 10, unga, sukari na mafuta vilipelekwa mlangoni pake bila ya kuulizwa atalipa lini. Na alipofariki Ami mwenyewe, wadeni wake walikuja matangani na fedha zao, wengine wakikumbuka zaidi ya yaliyoandikwa.

Kisha zikaja supamaketi. Nakumatt, iliyoanzia biashara ya magodoro kule Nakuru, haikukosa fadhila zake: bei zilibandikwa wazi, na mwanamke aliweza kuchagua kwa mkono wake. Lakini mwenye mshahara akawa ananunua vya mwezi mzima huko kwa siku moja, naye asiye na kitu akabaki kwa wana wa Ami kununua kiberiti, chumvi na mchele wa kuandikiwa. Na duka ambalo wateja wake wa taslimu wamehama, likaachiwa wa mkopo peke yao, litajaza rafu kwa fedha gani? Jambo hili laniudhi hata leo, kwamba watu husema maduka yetu yalishindwa kwa uzembe, hali yaliachiwa mzigo wa maskini na faida ikapelekwa kwingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu kwa kuwa walioiletea bidhaa hawakulipwa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Carrefour, iliyoingia Kenya 2016, ikachukua baadhi ya nafasi zake. Wana wa Ami walikwisha kufunga zamani. Mjane aliye edani leo mtaani kwetu humtuma mtoto supamaketi, na akiishiwa hukopa Fuliza kwa simu, akatozwa ada ya kila siku akichelewa kulipa.