Harufu ya Samaki Ndani ya Kompyuta

Kalemie, mtu akikwambia anasikia harufu ya samaki, utamjibu nini? Mji mzima unanuka ndakala. Zinaanikwa mchangani, zinajazwa kwenye magunia, zinasafiri kwa gari-moshi mpaka Kabalo, na harufu inabaki nyuma kutulinda. Kwa hiyo ilipoanza kutoka kwenye kompyuta yangu, nyumbani Katanika, karibu wiki nzima sikuijali. Mke wangu alimshuku paka. Mimi nilimshuku mke wangu, maana lile sanduku lilikuwa na joto zuri na yeye alikuwa na mazoea ya kuweka juu yake sahani yangu ya bugari na mikebuka, chakula kisipoe. Mwishowe paka alipigwa. Namwomba radhi hapa, ingawa amekwisha kufa siku nyingi.

Lakini nimeanzia katikati. Jaza kikombe chako, nirudi nyuma.

Kompyuta ile ilivuka ziwa mwaka 2003. Shemeji yangu alikuwa akifanya biashara ya Kigoma, na safari moja akarudi nayo ndani ya boti ya mbao, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga, huku na huku katoni za sabuni. Haikuwa na jina la kampuni popote. Ilikuwa Pentium II ya megahezi 350, memori megabaiti 64, diski ya gigabaiti 4 na kidogo, na Windows 98. Mjukuu wangu nikimtajia hesabu hizo anacheka hadi anakaa chini. Skrini ilibebwa na vijana wawili, wakapumzika njiani mara tatu. Nikaweka meza barazani, nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao: SEKRETARIA PUBLIKI. Nilipiga barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya kilio. Printa ilikuwa Epson LX-300, ya utepe na sindano, na ilipoanza kulia kriii, kriii, watoto wa jirani waliacha mpira wakaja kuangalia karatasi ikitoka mstari kwa mstari.

Umeme wetu unatoka Bendera, huko kaskazini kwenye mto Kyimbi, palepale ambapo wapiganaji wa Che Guevara walishambulia mwaka 1965 wakashindwa. Ulipofika Katanika tulikuwa tunaunyang'anyana sisi wenyewe: saa moja jioni kila nyumba imewasha recho, jiko la umeme, balbu zinakuwa za rangi ya chungwa, na mashini yangu inajizima na kujiwasha kama mtu mwenye kifafa. Niliinunulia regilateri. Kitu hicho kilikuwa kinasema tak, tak, tak usiku kucha, na mpaka leo nikisikia mjusi darini nadhani umeme umeshuka.

Aliyenifundisha kuitibu alikuwa mzee mmoja fundi wa redio, aliyewahi kushughulikia umeme wa mitambo ya Filtisaf enzi kiwanda kile cha vitambaa kilipokuwa kinanguruma. Sisi tulimwita Fundi tu. Kiingereza hakujua, kompyuta alikuwa hajaimiliki hata siku moja. Alikuwa na bisibisi tatu, chuma cha kulehemu kilichofungwa mpira wa baiskeli, brashi ya kupaka rangi ya kutolea vumbi, na gomme ya mwanafunzi. “Mwanangu,” aliniambia siku ya kwanza, “mashini haina bongo. Wenye bongo ni watu.” Bongo kwetu ni uongo, msije mkadhani alikuwa anaitukana mashini.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuivua nguo. Anachomoa kila kitu: diski, kadi ya sauti, kisoma disketi, mpaka anabaki na ubao mama, prosesa, memori na pawa. Anawasha, anasikiliza. Kisha anarudisha kimoja kimoja, na kila akirudisha anawasha tena. Kile kinachoizima ndicho mchawi. Memori aliisugua meno yake ya dhahabu kwa gomme, taratibu, kama mtu anayefuta kosa kwenye daftari, na mara tano kati ya kumi ugonjwa uliishia hapo. Diski aliisikiliza kwa bisibisi: ncha juu ya chuma, mpini sikioni, macho kayafumba. Ikisaga vizuri anatabasamu. Ikifanya ka-tak, ka-tak, ananigeukia na kusema nikanunue disketi, niokoe barua za watu kungali mapema.

Ndiye aliyefumbua habari ya samaki. Aliinama juu ya pawa, akanusa, akanusa tena, akasema hii si ndakala. Alipoifungua, kabla ya yote alichukua balbu yenye nyaya mbili akaigusisha ndani ili kumaliza umeme uliobaki, kwani pawa huuma hata ikiwa imechomolewa ukutani. Kisha akanionyesha vile vikopo vidogo, kondansateri. Viwili vilikuwa vimevimba vichwa na kutoa maji ya kahawia chini. Maji hayo ndiyo yanayonuka samaki. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa kondansateri mbovu. Huko kwingine, nadhani, wenye pua walishtuka mapema. Sisi wa Kalemie tulikuwa na paka wa kusingizia. Alitoa vikopo vingine kwenye televisheni iliyokufa, akalehemu, moshi wa risasi ukapanda, na jioni ile nilipiga kadi za harusi hamsini.

Betri ndogo ya mviringo, ile 2032, nayo ilinitia aibu. Ilipoisha nguvu mashini ilisahau kila kitu ikarudi mwaka wake wa utoto, nami nikatoa tangazo la kilio lenye tarehe ya 1998. Wafiwa walinitazama sana. Na disketi ya kuamshia ilikuwa na kibodi ya Kiingereza, wakati yangu ilikuwa AZERTY: naandika scandisk, kioo kinasema scqndisk. Nilijifunza kubonyeza Q nikitaka A. Hata leo kidole kinataka kwenda huko.

Tarehe 5 Desemba 2005, Jumatatu, baada ya saa nane mchana, ardhi ilitikisika. Tetemeko la 6.8, chini ya ziwa letu. Nyumba zilianguka mjini na watu walikufa. Mimi nilikimbia nje na kiatu kimoja, mteja wangu akakimbia na barua yake nusu. Siku ya tatu nilipopata moyo wa kuwasha, kioo kilikuwa cheusi, na ndani ya sanduku ikatoka milio: mmoja mrefu, miwili mifupi. Piiiii, pi, pi. Sikumwita Fundi. Nilijua ni kadi ya picha. Nilifungua nikaiona imeinuka kwenye tundu lake, upana wa ukucha, nikaikandamiza kwa gumba mpaka ikasema kaa! Nilipiga kelele peke yangu barazani kama mtu aliyefunga goli.

Fundi hayupo sasa. Mwaka 2017, Katanika ilipojaa ndugu waliokimbia vita vya Watwa na Waluba, mashini ilikuwa bado inaandika. Walikuja watu kupiga barua kwa sababu vyeti vyao vimeungua kijijini. Halafu simu zikazidi, kadi za harusi zikaanza kwenda kwa WhatsApp, na watoto wakaniambia nipumzike. Simu ikifa haisemi kitu. Kijana wa sokoni anaitazama kidogo, anasema “imekufa, papa,” na kukuuzia nyingine.

Sanduku ninalo, chini ya kitanda. Mwezi uliopita niliwasha, ikatoa mlio mrefu usiokoma: memori, na gomme imeshindwa. Kwa hiyo nina ombi. Kama nyumbani kwako kuna kompyuta ya zamani inayofugia mende, angalia ndani: ninatafuta SDRAM ya miguu 168, megabaiti 64. Hata 32 nitashukuru.